Amezikwa katika ekari mbili alizotunyang'anya: je, hukumu imempata au imempita?

#1 Mwana wa Njoro (mwanzisha uzi)

Hamjambo wana jukwaa.

Juma lililopita alizikwa jirani yetu huku Njoro, mzee wa miaka 91 mwenye malori, maduka na mashamba ambayo nadhani mengine hakuwahi kuyakanyaga. Ekari mbili katika mashamba hayo zilikuwa za baba yangu. Mwaka 1986 jiwe la mpaka, lile tunaloliita bikoni, liling'olewa usiku, ua ukasogezwa, na baba alipokwenda kuulizia alionyeshwa hati yenye jina la mtu mwingine. Alikwenda kwa chifu, akapanda ngazi zote zilizokuwa juu ya chifu, akauza ng'ombe wawili ili amlipe wakili, na kila mlango aliobisha alikuta yule mzee amekwisha kuingia na kutoka. Alipofariki mwaka 1999 alituachia neno moja tu juu ya jambo hili: mwachieni Mungu.

Nimemwachia Mungu miaka yote hii, na haya ndiyo niliyoyaona siku ya maziko. Jeneza lilikuwa na dirisha la kioo lenye pazia dogo la hariri. Palikuwa na kwaya tatu na mahubiri mawili, na mhubiri wa pili alisema marehemu alikuwa mtu ambaye Mungu alimpenda waziwazi. Kaburi limejengwa kwa vigae vyeupe, hatua kumi na moja kutoka kwenye mparachichi alioupanda baba. Nimezihesabu mwenyewe. Mzee huyu amezikwa kwetu.

Zaburi ya 49 inasema hakuna awezaye kumpa Mungu fidia kwa ajili ya ndugu yake, hata awe na mali kiasi gani. Naamini. Ninachouliza ni hiki: mtu aliyefikisha miaka 91, akafa usingizini kitandani kwake, akazikwa kwa heshima katika ardhi ya dhuluma, hukumu ilimpata wapi? Naomba hoja, kwa maana pole nimekwisha kupewa za kutosha.

#2 Kinyozi wa Kondele

Ndugu yangu, malipo ni hapa hapa duniani, ila wewe huoni kwa sababu unatazama jeneza. Hapa Kisumu nilikuwa na mteja mwenye nyumba nyingi za kupangisha, mtu aliyekuwa akitupa nje godoro la mpangaji mvua ikinyesha. Alipopatwa na kiharusi nilianza kuitwa nyumbani kwake kila baada ya wiki mbili nimnyoe. Siku moja nzi alitua kwenye jicho lake, nami nilikuwa nimeshika mashine kwa mkono mmoja na kichwa chake kwa mkono wa pili. Alimtazama yule nzi, akanitazama mimi, na machozi yakamtoka, kwa kuwa hakuwa na hata kidole cha kumfukuzia. Kiti alichokalia kilikuwa cha ngozi halisi. Mimi tangu siku hiyo sina swali juu ya hukumu.

#3 Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Ndugu Kinyozi, umesimulia vizuri, lakini umeruka hatua moja. Nimefanya kazi wodini kwa miaka 17, na ninaowageuza kila baada ya saa mbili ili wasipate vidonda vya mgongo si wenye nyumba za kupangisha. Ni wauza samaki, ni wakata miwa, ni akina mama ambao shinikizo lao la damu halikuwahi kupimwa mpaka siku walipoanguka. Ikiwa kiharusi ni hukumu ya dhuluma, nieleze huyu wa kitanda cha nne alimdhulumu nani.

Waliokuwa na mawazo kama yako walimwendea Yesu wakiwa na habari za watu waliouawa, naye akawatajia wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akawauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Jibu lake lilikuwa la. Imo katika Luka 13.

Nakubali jambo moja tu. Fedha hununua chumba cha peke yako, hununua oksijeni usiku kucha na daktari bingwa wa kuja saa nane za usiku. Kisha hufika mahali ambapo daktari bingwa naye husimama akikunja mikono kama mimi, na hapo wa chumba cha peke yake na wa kitanda cha nne hupumua sawasawa. Kama hiyo ndiyo hukumu, sijui. Mimi huiita zamu ya alfajiri.

#4 Mwalimu wa Kendu Bay

Asante dada Muuguzi. Niongeze kisa ambacho kila mtoto wa huku kwetu Homa Bay huelezwa.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la mviringo liitwalo Simbi Nyaima, maana yake kwa Kijaluo ni Simbi iliyozama. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji cha watu walioshiba. Usiku mmoja walikuwa wakinywa na kucheza katika boma la mkubwa wao, na bibi kizee aliyelowa mvua akaja kuomba moto na chakula. Walimfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha, akamlisha, akampa mahali pa kukauka, na yule bibi akamwambia atoke kijijini usiku ule ule pamoja na mumewe. Masimulizi hutofautiana juu ya mume, kwa kuwa wengine husema alikuwa amelewa na akakataa kuondoka. Mvua ilizidi, ardhi ikafunguka, na asubuhi palikuwa na ziwa.

Angalia kwamba hakuna aliyehukumiwa kwa kuwa na mali. Walihukumiwa kwa namna walivyomtazama mtu aliyesimama mlangoni.

#5 Mpima Miamba

Mwalimu, kwa heshima yote, Ziwa Simbi ni shimo la volkeno. Mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi ulikutana na maji, mvuke ukalipuka, pakabaki bakuli ambalo baadaye lilijaa maji ya magadi. Ndiyo maana samaki wa Ziwa Viktoria hawaishi humo ijapokuwa maziwa hayo mawili yametenganishwa na kipande kifupi tu cha nchi kavu, na ndiyo maana ndege heroe wanaotuhama sisi wa Nakuru huonekana huko. Hakuna bibi kizee katika mlipuko.

#6 Mwalimu wa Kendu Bay

Ndugu Mpima Miamba, sikusema nimemwona huyo bibi. Umenieleza jinsi shimo lilivyotokea, nami nakubali. Wewe nieleze kwa nini watu walioishi kando ya shimo hilo, katika hadithi zote ambazo wangeweza kulitungia, walichagua ya mgeni aliyenyimwa moto. Na heroe si wenu, wao huenda penye chakula, kama wanasiasa.

#7 Binti wa Mumias

Assalamu alaikum. Swali la ndugu wa Njoro lina jibu karibu neno kwa neno katika mapokeo yetu, na nashangaa halijatajwa.

Kwanza, Qaruni wa Sura ya 28 alikuwa na hazina ambazo funguo zake tu ziliwaelemea watu wenye nguvu, naye alisema ameyapata hayo kwa elimu aliyo nayo. Ardhi ikammeza yeye na nyumba yake. Lakini kwa mambo ya mashamba, hadithi ya Mtume iliyo katika vitabu vya Bukhari na Muslim inasema atakayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Shubiri moja, wala si ekari mbili.

Katika Muslim kuna kisa kilichofungamana na hadithi hiyo. Mwanamke aliyeitwa Arwa alimshtaki sahaba Said bin Zaid mbele ya gavana Marwan kwamba amechukua sehemu ya ardhi yake. Said alijibu kwamba hangeweza kufanya hivyo baada ya kuyasikia maneno hayo kutoka kwa Mtume, kisha akaomba kwamba ikiwa mwanamke huyo ni mwongo, apofuliwe na afie katika ardhi yake. Arwa alipofuka, akawa anapapasa kuta, na siku moja akitembea katika ardhi ile ile alitumbukia kisimani, kisima hicho kikawa kaburi lake.

Kwa hiyo, kaka, kuzikwa katika ardhi ya dhuluma hakukuhesabiwa kuwa ushindi. Wewe umeona vigae vyeupe, nami naona mtu aliyelazwa juu ya ushahidi wake.

#8 Mzee wa Kanisa, Kakamega

Binti yangu, umeniwahi. Nilikuwa naandika juu ya Nabothi wa Yezreeli, ambaye mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu, na mkewe Yezebeli akalipata kwa kutumia mashahidi wa uongo na barua zenye muhuri wa mfalme. Barua zenye muhuri, ndugu wa Njoro! Ofisi ya ardhi ya siku zile. Eliya alimkuta Ahabu ndani ya shamba hilo akalitaja kosa lake waziwazi, kwamba ameua na kumiliki. Miaka ikapita, na Yoramu mwana wa Ahabu alipouawa kwa mshale, jemadari Yehu aliamuru mwili wake utupwe katika shamba la Nabothi. Ni 2 Wafalme 9. Vitabu viwili tofauti, na katika vyote viwili maiti inarudi shambani.

Marekebisho madogo: wasomaji wa Biblia wasichanganye kisa cha Qaruni na cha Kora bila kuangalia. Katika Hesabu 16 Kora alimezwa na nchi kwa kugombea ukuhani, na mali haikuwa hoja.

#9 Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Mzee wangu, shikamoo. Umesema Yoramu, na hapo ndipo ninapokwama. Ahabu alipojinyenyekeza, Mungu alisema hataleta mabaya katika siku zake bali katika siku za mwanawe. Sasa huyo mwana alikosa nini kuhusu shamba la Nabothi? Ezekieli 18 inasema mwana hatauchukua uovu wa babaye. Haya mawili yanakaaje katika kitabu kimoja?

#10 Mzee wa Kanisa, Kakamega

Marahaba, binti. Yoramu alikuwa na makosa yake mwenyewe, na alikuwa angali analimiliki shamba. Lakini nakiri kwamba jibu langu hilo limechechemea kidogo.

#11 Bodaboda wa Section 58

Wazee wangu, mmefika Yezreeli na mimi bado niko Njoro. Nauliza, hayo maparachichi huvunwa na nani?

#12 Mwana wa Njoro

Umenichekesha na kunichoma. Huvunwa na watu wa marehemu, hupelekwa sokoni, na mama yangu amewahi kuyanunua. Alisema anaujua mti kwa ladha.

#13 Karani Mstaafu wa Mahakama

Naomba niingie kwa upande wa dunia, kwa sababu wengi hapa mnaichanganya haki ya Mungu na uzembe wa kufuata faili.

Sheria ya Kenya inayoweka ukomo wa kufungua mashtaka huwapa wadai wa ardhi miaka 12. Ikipita, anayekalia ardhi waziwazi bila idhini ya mwenyewe anaweza hata kuomba korti imtambue kuwa mmiliki. Nimeona kesi nyingi zikitupwa kwa hesabu hiyo bila hakimu kuuliza nani alianza kukosa. Hata hivyo, penye ulaghai muda huanza kuhesabiwa tangu mdai alipougundua au alipopaswa kuugundua, na kifo cha mshtakiwa hakiui dai la ardhi, kwa kuwa warithi na wasimamizi wa mirathi wanaweza kushtakiwa. Ndugu wa Njoro, baba yako aligundua mwaka 1986, kwa hiyo mlango huo ni mwembamba. Lakini tazama gazeti rasmi la serikali, maana ombi la mirathi hutangazwa humo na mtu huruhusiwa kuweka pingamizi.

Tume ya Ndung'u iliyotoa ripoti yake mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa kinyume cha sheria nchi nzima. Wengi walisoma, wachache walirudisha. Nimesema hayo ili msidhani kwamba korti za wanadamu hazijui dhambi, zinaijua, ila zina saa ukutani.

#14 Binti wa Mumias

Asante, mzee Karani, na hapo ndipo tofauti ilipo. Kwetu, maiti akishagharamiwa maziko, madeni yake hulipwa kabla mrithi hajagusa kitu, na kilichoporwa si mali ya kurithiwa, bali hurudishwa kwa mwenyewe. Mtume aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akawaambia masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba deni hilo. Wanazuoni hutenganisha haki ya Mungu na haki ya waja. Ya kwanza Mungu huisamehe akitaka, na ya pili humngoja mwenyewe aliyedhulumiwa. Ndiyo maana ya yule mufilisi aliyetajwa katika hadithi: mtu anakuja Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini amemtukana huyu na amekula mali ya yule, basi wanagawiwa mema yake mpaka yanaisha, kisha anabebeshwa makosa yao. Tajiri huyo wa Njoro, kwa hesabu hii, bado anadaiwa na baba yako, na sarafu ya huko haitengenezwi benki.

#15 Msomaji Mkaidi

Nimewasoma wote kwa utulivu, na naona mnamfariji mtu huku ardhi yake ikilimwa na wengine. Fundisho hili la kwamba mali haina nguvu mbele ya Mungu limewafaa nani zaidi? Limewafaa wenye mali. Maskini akiamini kwamba Kiyama kitamlipa, hachelewi kurudi nyumbani na kulala. Kama baba yake mwanzisha uzi asingeambiwa amwachie Mungu, huenda angewakusanya majirani, kwa kuwa sidhani kama huyo mzee alimla yeye peke yake.

Na hata majanga mnayoyaita hukumu yanajua ramani. Usiku wa 9 Mei 2018 bwawa la shamba kubwa la mtu binafsi lilipasuka Solai, hapa hapa Nakuru, na watu wasiopungua 47 wakafa. Maji yalishuka, na walioishi chini walikuwa wanyonge. Kila mwaka mito ya Nyando na Nzoia ikifurika, nani huhamia shuleni na mifugo yake? Wenye nyumba za mlimani hutazama kwenye runinga.

#16 Mzee wa Kanisa, Kakamega

Mwanangu Mkaidi, una haki ya kukasirika, ila usiseme kitabu kinawalaza maskini. Yakobo 5 inasema ujira wa wavunaji waliodhulumiwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Zakayo hakuambiwa asali zaidi. Alisimama na kusema kwamba aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Tatizo ni sisi wa madhabahuni, ambao hupokea bahasha kabla ya kuuliza imetoka wapi.

#17 Bodaboda wa Section 58

Amina mzee, na mara nne ya ekari mbili ni ekari nane. Mwana wa Njoro, tafuta trekta.

#18 Mwalimu wa Kendu Bay

Kuhusu bahasha, kumekuwa na dalili. Septemba 2021, kule Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwaambia wanasiasa hadharani kwamba mimbari si yao, siku ya kusimikwa kwa Askofu Rose Okeno. Na Novemba 2024 Askofu Mkuu Mkatoliki Philip Anyolo wa Nairobi, ambaye sisi wa huku tunamjua tangu alipokuwa Askofu wa Homa Bay na kisha Askofu Mkuu wa Kisumu, aliagiza fedha zilizotolewa na Rais Ruto katika kanisa la Soweto jijini humo zirudishwe. Sijui kama Mungu alifurahi, lakini mweka hazina wa kwaya yetu hakulala vizuri wiki ile.

#19 Kinyozi wa Kondele

Nimerudi. Dada Muuguzi amenishinda kwa hoja, lakini kwetu sisi Wajaluo kuna chira, laana inayomdhoofisha mtu, na chira haiangalii akaunti. Familia ya huyo mzee isubiri.

#20 Mwalimu wa Kendu Bay

Kinyozi, ndugu yangu, chira si polisi wa ardhi. Chira humpata aliyevunja kwer, yaani miiko ya nyumba na ukoo, na humpata hata aliyeivunja bila kujua. Mtu anaweza kumpora jirani huku ameshika miiko yote ya nyumbani kwake. Hatuwezi kumwazima Mungu silaha isiyo yake, tena kwa mzee wa Njoro ambaye huenda hata si Mjaluo.

#21 Mwana wa Njoro

Nawashukuru nyote. Sikupata jibu moja, nimepata sita, na matatu kati ya hayo yanapigana. Naomba kuongeza jambo lililotokea jana.

Binti wa kwanza wa marehemu, ambaye sasa ana miaka sitini na zaidi, alikuja kwetu kwa miguu bila kutuma habari. Mama ana miaka 84. Walikaa jikoni, wakanywa chai, wakazungumza juu ya mvua na bei ya mbegu. Kisha akauliza, huku akitazama kikombe, kama mama anakumbuka bikoni ya zamani ilikuwa wapi. Nilipomuuliza sababu alisema baba yake, katika miezi yake miwili ya mwisho, alikuwa akiamka usiku na kuagiza ua usogezwe, na wao walidhani ni uzee unaongea. Kaka zake hawataki habari hiyo itajwe. Huenda pia wanataka kuuza na mnunuzi ameuliza juu ya mpaka, hilo nalo nimelifikiria.

Mama alimwambia asubiri avae viatu. Walikwenda wawili, yule binti akimshika mkono, na mimi nikabaki mlangoni nikiwaangalia wakipita kando ya vigae vyeupe. Mama hakusimama hapo. Alisimama mbele kidogo, akagonga ardhi kwa fimbo mara mbili, akasogea hatua moja, akagonga tena.

#22 Karani Mstaafu wa Mahakama

Mwambie mama asiweke alama ya kidole kwenye karatasi yoyote mpaka niisome.